Myao Hapewi Viatu Viwili

Bethuel Tawete alikuwa na misumari mdomoni Vernal alipoingia kibandani, na mtu mwenye misumari mdomoni hawezi kumuuliza mwenzake kwa nini anatabasamu peke yake. Ikabidi aendelee kugonga kisigino, huku akimtazama kwa pembe ya jicho.

Kibanda chenyewe kilikuwa chembamba, kimebanwa kati ya duka la mikate na duka la kadi kwenye barabara kuu ya Northfield. Wawili wakiingia, wa tatu anasubiri nje na mwavuli wake. Humo Bethuel alibandika soli, alibadilisha visigino na alichonga funguo. Kazi ya viatu haikuwa nyingi, maana watu wa mji ule kiatu kikichoka wanakitupa, jambo lililomuuma Bethuel kama vile anatupwa yeye. Lakini funguo walizipoteza kwa bidii sana, na hizo ndizo zilizomlisha.

Vernal Pinnock hakuwa mtu wa kutupa viatu. Alikuwa dereva wa basi, mrefu, mpole, mzaliwa wa Birmingham wa wazazi waliotoka Jamaika, na kila akipata mapumziko alikuja kusimama pale mlangoni na chai yake mkononi. Siku hiyo alifuata viatu vyake vyeusi vya kutokea. Jumamosi mama yake alikuwa anatimiza miaka themanini, na Vernal alikuwa amemwahidi kwamba wimbo wa kwanza atacheza naye yeye.

"Majibu yamekuja," alisema.

Bethuel akatema misumari kiganjani.

Hadithi ya hayo majibu ilikuwa ndefu, na Bethuel aliijua yote, kwa sababu ilisimuliwa humo humo kibandani kipande kwa kipande. Vernal alikuwa amewatafuta watu wake kwa miaka. Alikwenda Jamaika, akalala kwa mashangazi, akasoma vitabu vya ubatizo vya makanisa ya shamba mpaka macho yakamwasha. Upande wa mama alimpata bibi, akampata mama wa bibi, akampata na mama wa huyo, na wengine wawili nyuma yake. Halafu njia ikafia hapo, kwa mwanamke mmoja aliyeandikwa jina la Kizungu alilopewa na wengine, bila kwao, bila wazazi. Ndipo akasikia habari za kipimo cha DNA. Akajikwangua ndani ya shavu kwa kijiti chenye pamba, akakituma maabara huko Marekani. Mama yake alimcheka wiki nzima, akiwaambia waumini wenzake kwamba mwanawe ametuma mate kwa posta.

Jinsi kipimo kinavyofanya kazi, Vernal alimweleza Bethuel kwa kutumia funguo zilizoning'inia ukutani. Mama anamchongea mtoto ufunguo kutoka kwenye ufunguo wake mwenyewe, ambao naye alichongewa na mama yake, na hivyo hivyo kurudi nyuma. Mtoto wa kike ataendelea kuchonga. Mtoto wa kiume atautembeza mfukoni tu mpaka anakufa. Bethuel alielewa papo hapo.

"Wanasema mstari wa mama yangu umefanana na wa Wayao," Vernal akasema. Alilitamka jina hilo polepole, kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa. "Watu wa Msumbiji, Malawi na kusini kwenu huko. Unawajua?"

Anawajua? Bethuel alisimama hata kigoda kikaanguka.

Kwa asiyejua, Bethuel alikuwa Mngoni wa Songea, na Mngoni na Myao ni watani. Zamani babu zao walipigana, wakavamiana, wakatekana. Vita vilipochoka, yakabaki maneno. Mngoni akikutana na Myao humwita mtumwa wake, na Myao hujibu kwamba yeye ndiye aliyemnunua Mngoni kwa donge la chumvi, na mpaka leo anaililia chumvi yake. Hakuna ruhusa ya kukasirika. Mtani akikuta chungu jikoni kwako anapakua. Akikuta kofia yako anaivaa, na utaikomboa kwa kuku. Siku anazikwa baba yake Bethuel, mzee mmoja wa Kiyao, jirani yao, aliruka ndani ya kaburi, akalala chali, akakunja mikono kifuani, akasema hatoki, kwa sababu marehemu alikuwa bahili mno na shimo zuri kama lile halimstahili. Watu waliokuwa wanalia tangu alfajiri walicheka mpaka wakakaa chini. Bethuel alikuwa kijana wakati huo, na ndipo alipojua kwamba ataweza kuendelea kuishi.

Na katika miaka yake yote ya Birmingham alikuwa hajapata kutukanwa na mtu anayempenda.

Kwa hiyo furaha ilimpanda kichwani. Akachukua kiatu cha kulia, kilichokwisha pigwa brashi kikang'aa, akamkabidhi Vernal. Cha kushoto akakificha nyuma ya mgongo.

"Kumbe mtumwa wangu ulikuwa hapa hapa, na mimi nakutafuta!" alisema kwa Kiingereza chake cha Songea, sauti ikisikika hadi kwenye mikate. "Babu zangu waliwakamata ninyi kama kumbikumbi. Hiki cha pili nabaki nacho. Myao hapewi viatu viwili, atakimbia."

Akangoja. Kifua wazi, kidevu juu, akangoja tusi lake.

 Tabasamu alilokuja nalo Vernal liliondoka usoni pake taratibu, bila haraka.

"Wewe ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia," alisema kwa sauti ya chini. "Hata mama sijamwambia." Akatia kiatu kimoja ndani ya mfuko, akatoka na chai yake.

Hapa ndipo msomaji atamshangaa Bethuel. Yeye alifurahi zaidi. Aliona Vernal amemjibu kiutu uzima, maana wapo watani wa namna hiyo, wanaonuna kama wamefiwa, kumbe wanakutegea. Huyu Myao kweli kweli, alijisemea, damu haijampotea hata kidogo. Alipiga mluzi mchana kutwa. Alimchongea mteja mmoja ufunguo wa mlango wa mbele kwenye chuma cha ufunguo wa baiskeli, ikabidi arudie.

Usiku alimsimulia mkewe, huku akijipigapiga mapaja. Sabine alikuwa mtu wa Bukavu, na alikuwa anakata sombe, kisamvu cha kwao. Kisu kikasimama.

"Papa Israël, kichwa yako iko sawa?" aliuliza, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Ule muntu, babu yake waliuzishwa kweli. Haikuwa mchezo."

Bethuel akaanza kumweleza utani. Sabine akamwacha aeleze mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba yeye ameishi na Mtanzania kwa miaka na bado hajazoea, sembuse huyo. Akamkumbusha mwaka wenyewe ulikuwa mwaka gani. Ilikuwa 2007, na nchi nzima ilikuwa inakumbuka miaka mia mbili tangu Waingereza wapige marufuku biashara ya watumwa. Redio ilikuwa inalisema neno lile asubuhi na jioni. Maktaba iliweka picha za minyororo dirishani. Vernal mwenyewe alipita mbele ya picha hizo na basi lake kila siku.

"Na weye ukamuambia atakimbia," Sabine alimalizia, akarudi kwenye majani yake.

 Bethuel alikaa kwenye kiti cha jikoni, mikono katikati ya magoti, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Lile neno alikuwa amelisema maisha yake yote, na kwake lilikuwa tamu. Hakuwahi hata siku moja kufikiri kwamba kuna mahali ulimwenguni ambako bado halijaiva.

Kesho yake alifunga kibanda mapema, akasimama kituoni mpaka basi la Vernal likaja. Mlango ukafunguka. Vernal alikuwa ametazama mbele, mikono kwenye usukani.

"Vernal, kaka, nakuomba radhi," Bethuel alisema kupitia kioo. "Haikuwa vile ulivyosikia. Kwetu huo ni..."

"Unakwenda mjini au unashuka njiani?"

"Vernal."

"Tafadhali sogea nyuma, kuna watu wanapanda."

Akasogea nyuma. Alipanda basi lile hadi mjini, ambako hakuwa na shughuli yoyote, akakaa nyuma kabisa akiangalia kisogo cha rafiki yake, kisha akarudi Northfield na basi jingine. Kiatu cha kushoto kilikuwa kwenye rafu kikimngoja. Akakipiga dawa, akakipiga brashi, akakifuta kwa kitambaa laini. Kilikuwa kinang'aa tayari, lakini mikono yake ilikosa kazi nyingine ya kumfaa. Kilichomtesa hakikuwa mteja aliyepotea. Aliona amemfungia mtu mlango alioutafuta kwa miaka, na yeye ndiye fundi wa funguo.

Jumamosi akavaa suti yake ya kanisani, akakifunga kiatu kwa karatasi, akaenda Perry Barr, kwa mama yake Vernal. Sabine alimpa mkate wa ndizi wa kupeleka, akamwambia asifungue mdomo mpaka aulizwe.

Nyumba ya Mama Icilda ilisikika kabla ya kuonekana. Muziki ulikuwa unatikisa madirisha, harufu ya mchuzi wa mbuzi imejaa hadi barabarani, mlango wazi. Bethuel alivua viatu vyake pale mlangoni, akavipanga vizuri, kama alivyolelewa. Wengine wote walikuwa wameingia na viatu vyao, lakini mtu hawezi kuacha malezi kwa sababu ya Waingereza. Akaingia sebuleni na soksi.

Vernal alikuwa kando ya kiti cha mama yake, amevaa suti ya kijivu na raba za kazini. Alipomwona Bethuel uso wake ukajifunga. Akapokea furushi, ncha ya kiatu ikionekana kwenye karatasi, akasema asante, akaonyesha kwa jicho kwamba mlango bado uko pale pale ulipokuwa.

Lakini Mama Icilda alikuwa ameshaona. Alikuwa mwembamba, amevaa kofia ya zambarau ndani ya nyumba yake mwenyewe, na macho yake yalikuwa yanafanya kazi kuliko ya wote waliokuwemo.

"Huyu ni nani," aliuliza, "na kwa nini kiatu cha mwanangu kinakuja na teksi yake?"

Watu wakacheka. Vernal akasema si kitu, ni fundi tu. Bethuel akaona hilo neno "tu" limemwingia kama mwiba, na akaona ameshaulizwa. Akapiga goti moja kwenye zulia ili asizungumze na mwanamke yule kutoka juu, akaeleza. Alieleza yote, na lile neno lenyewe akalitaja, akajilaumu nalo mbele ya watu. Muziki ukapunguzwa. Alieleza vita vya babu zao, na jinsi watu walivyochoka kuzikana wakaamua kupigana kwa mdomo. Alieleza mzee aliyelala kaburini. Kijana mmoja karibu na dirisha alitikisa kichwa kwa hasira, na Bethuel hakumlaumu.

"Kosa langu ni moja, Mama," alisema mwishoni. "Bibi yenu alichukuliwa kabla utani haujazaliwa. Aliondoka kukiwa bado vita. Sisi tuliobaki tukapata muda wa kucheka, yeye hakupata. Mimi nikamcheka mwanao kabla hajapewa zamu ya bibi yake."

 Vernal alikuwa anaangalia kile kiatu mkononi mwake.

Mama Icilda aliitoa miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa cha meza, akaivaa tena.

"Kwa hiyo mimi ni Myao," alisema, akamgeukia mwanawe. "Ulikuwa unangoja nini kuniambia? Nizikwe?"

Vernal akasema alitaka iwe zawadi, baada ya keki.

"Na huyu," mama akaendelea, akimwonyesha Bethuel kwa kidole, "naweza kumwambia lolote nitakalo?"

"Lolote, Mama."

"Na huruhusiwi kukasirika."

"Ni mwiko."

Yule bibi akamkagua kuanzia juu, akashuka polepole, akafika chini, akatua. Soksi ya kushoto ya Bethuel ilikuwa na tundu, na kidole gumba kilikuwa kinachungulia.

"Bwana we," alisema, "babu zako walikuwa wanakamata watu, na wewe umeshindwa kukamata kidole kimoja?"

Nyumba ililipuka. Bethuel mwenyewe alicheka mpaka machozi, na mengine hayakuwa ya kucheka, maana lilikuwa tusi safi, la kiwango cha Tunduru kwa Wayao wenyewe, kutoka kwa mwanamke ambaye hakuwahi kuiona Tunduru hata kwenye ramani. Mama Icilda alionja ladha yake, akaipenda, akaongeza. Alisema kichwa cha Bethuel kimekaa kama birika lisilo na mkono. Alisema suti ile aliyeishona alikuwa amekasirika. Halafu akaagiza aletewe aproni, kwa sababu kuna sufuria la mbuzi limeungua chini, na leo ni leo, ijulikane nani anamtumikia nani.

Bethuel akavua koti, akalisugua lile sufuria kwa moyo wake wote, akiimba.

Vernal aliingia jikoni baadaye. Alikuwa amevaa viatu vyote viwili. Alichukua taulo, akaanza kukausha sahani, na wakawa wanafanya kazi bega kwa bega. Huko sebuleni mama yake alikuwa anamwambia kila anayeingia kwamba yeye ni Myao, na anauliza kama hawajaona.

"Yule mzee," Vernal alisema hatimaye. "Wa kaburini. Walimtoaje?"

"Tulimpa jogoo."

"Akatoka?"

"Akauliza kama hatuna mkubwa zaidi."

Vernal alitoa pumzi puani, pumzi iliyofanana na kicheko lakini haikufika. Akaweka sahani juu ya nyingine.

"Mimi bado siwezi, Bethuel," alisema. "Mama yangu anaweza kila kitu. Mimi lile neno likinijia nasikia uzito wake wote. Nimelisoma kwenye vitabu vile vya ubatizo, limeandikwa kando ya majina."

"Usiliseme," Bethuel alijibu. "Wala mimi silisemi tena mpaka utakaponiambia. Utani una mambo mengi, hilo ni moja tu." Na alimaanisha hivyo. Moyo wake ulikuwa bado unamwuma, lakini sasa ulimwuma mahali panapoweza kupona.

Wimbo wa kwanza wa kucheza ukapigwa. Vernal alikwenda akamwinua mama yake, wakacheza katikati ya sebule, yule bibi akimkanyaga mwanawe makusudi kwenye viatu vilivyong'arishwa. Bethuel alisimama mlangoni mwa jikoni na aproni yake, akivitazama vile visigino alivyovigonga kwa mkono wake vikigeuka na kurudi. Havikutoa mlio mbaya hata mmoja.

Saa ya kuondoka ilipofika alipewa sahani iliyofunikwa, akakumbatiwa na watu asiowajua, akaenda mlangoni kuvaa viatu vyake. Cha kulia kilikuwepo, pale pale alipokiacha.

Akainama akatafuta chini ya makoti. Akatafuta nyuma ya mlango. Akainua zulia la kufutia miguu. Alipogeuka kila mtu sebuleni alikuwa ameona kitu cha kuangalia kwenye dari, na Mama Icilda anaikagua keki yake kana kwamba anaiona kwa mara ya kwanza.

Vernal alikuwa ameegemea ukuta wa ukumbini, mikono nyuma ya mgongo. Uso wake ulikuwa umenuna kama wa mtu aliyefiwa.

"Mngoni hapewi viatu viwili," alisema. "Atakimbia."

 Bethuel alikuwa na majibu chungu nzima, aliyoyarithi kwa baba na babu. Akaishia kumpa mkono. Vernal akaupokea kwa mkono wa kulia, ule wa kushoto ukabaki ulikokuwa.

Nje mvua ya rasharasha ilikuwa imeanza. Bethuel alishuka hadi kituoni na kiatu kimoja mguuni, sahani ya mbuzi kifuani, kidole gumba kikigusa baridi ya barabara ya Perry Barr, na watu waliopishana naye walimkwepa kwa adabu, wakidhani mtu mzima yule amelewa. Alikuwa anacheka peke yake. Sabine alipomfungulia alitazama mguu ule, kisha akauliza kuku wa kukikomboa atakuwa mkubwa kiasi gani.

Jumatatu alifungua kibanda kama kawaida. Kabla ya kuwasha mashine ya funguo alikitoa kile kiatu chake cha kulia kwenye mfuko, akakipiga brashi, akakifungia kikaratasi cha jina kama afanyavyo kwa vya wateja, akaandika Pinnock, jina la aliyebaki na mwenzake. Akakipandisha kwenye rafu ya kazi zilizokwisha, akakisogeza kulia kidogo, akaacha pembeni yake nafasi inayotosha kiatu kimoja. Nje basi la Vernal la kuelekea mjini lilifika usawa wa mlango, likapunguza mwendo, kisha likaendelea na safari.